Mama wa Askari wa Kigiriki

Mjukuu wangu Festo,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mama yako hajambo, yuko uani anapukuchua mahindi.

Umeniuliza kama ni kosa kuzibadili hadithi za Wagiriki wa kale, hizo unazosomea shahada ya uzamivu. Nitakujibu kwa jambo lililotokea kijijini kwetu Mpui, enzi za Mwingereza. Sista alitusomea shuleni habari za askari wa Kigiriki aliyechelewa kurudi kutoka vitani, nami nikamsimulia bibi yangu. Siku moja tukipura ulezi, bibi akawasimulia wenzake: mama mzee akamtambua mwanawe mlangoni, akampokea kwa kupiga makofi, kama tunavyosalimiana Wafipa.

Nikamkatiza. “Bibi, kitabuni yule mama alikufa akimsubiri.”

Fimbo zote zikatulia. Mwana wa bibi, mjomba wangu, alikuwa amepelekwa vita vya Burma, na barua zake zilikuwa zimekoma.

“Kitabu chenu kina haraka,” bibi akasema, akaendelea kupura.

Mjomba hakurudi. Lakini wanangu wote nimewasimulia hadithi ile, na kila mara yule mama yuko hai.

Soma vizuri, baba. Ila usichelewe sana.

Bibi yako,
Maria