Simu Iliyolia Mpaka Ikakata

Kwako Kaka Gethin,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, wifi Carys na watoto, na kwamba goti lako halikusumbui tena. Sisi huku tunajikongoja. Mvua haijakatika tangu Jumapili, na kanisani tumebaki kumi na mmoja. Tunaimba sauti nne kama zamani, ingawa sauti ya nne ni mzee Emrys peke yake.

Uliniuliza imekuwaje Mama Mkubwa Beti akaanguka bafuni wakati aliomba vyuma vya kushikia tangu mwaka jana. Nikakujibu kwa mkato kwamba halmashauri ni wazito. Sasa kaa chini nikueleze.

Mwezi wa pili sisi wafanyakazi wa halmashauri tuliarifiwa kwamba wakaguzi wa serikali wanakuja kuangalia tunavyowahudumia wazee na walemavu. Lo, ofisi nzima ilichachamaa! Bosi wetu Delyth, yule aliyekuwa akikunyang'anya mpira shuleni, alitukusanya akasema wageni hawaonyeshwi jiko chafu. Watu mia mbili na kumi walikuwa wakingoja tu mtu aende nyumbani kwao aone wanahitaji msaada gani, na wengine wamengoja mwaka mzima. Delyth akasema orodha ile ni aibu, lazima ipungue. Tumpigie kila mtu simu mara mbili, siku mbili tofauti. Asiyepokea, tuandike kwamba hahitaji tena huduma, tufunge jalada lake. Mwenzangu Huw akauliza kama viziwi nao hawahitaji huduma. Delyth akamwambia kama mdomo unamwasha, autumie kupigia simu.

Basi tukapiga. Baada ya wiki mbili walibaki tisini na wanne. Wakaguzi walipofika, mkuu wao, mama mmoja mpole aitwaye Bi Thackray, alitusifu mbele ya wote kwa kuwafikia watu haraka. Nikapiga makofi na wenzangu. Ikaletwa keki, nami nikala vipande viwili.

Siku ya tatu ya ukaguzi, jirani aliona mapazia ya Mama Mkubwa hayajafunguliwa mpaka mchana. Alimkuta sakafuni bafuni, nyonga imevunjika, amejifunika taulo. Alikuwa hapo tangu jana yake asubuhi. Sasa madaktari wanasema huenda asirudi tena nyumbani, apelekwe kwenye makao ya wazee, na nyumba ile aliyotulelea baada ya mama kufa ifungwe. Yeye anasema bora azikwe na paka wake kuliko kukaa mahali panaponuka kabichi asubuhi hadi jioni.

Nilipofika wodini, unajua alianza na nini? Kuniomba radhi. Alisema labda halmashauri walimpigia, akadhani ni wale wauza madirisha wanaosumbua watu kwa simu. Akaniambia, "Nisamehe mwanangu, nimekuaibisha kazini kwako." Nikamtengenezea mto.

Unaijua sheria yake: iache ilie mara mbili, kata, kisha piga tena. Simu isiyokuja hivyo haigusi hata kama inatoka peponi. Mimi na wewe tumempigia hivyo miaka ishirini. Sasa sikia. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi yangu. Jalada la ndugu yako unatakiwa umpe mwenzako, nami sikumpa, kwa sababu Huw angeacha simu akaenda kugonga mlango. Nilipiga moja kwa moja, ikalia mpaka ikakata. Kichwani nilikuwa namwona kabisa, kwenye kiti chake karibu na dirisha, akiisonya simu. Kesho yake nikapiga vilevile. Nikaandika kwamba hahitaji tena huduma. Nilitaka karatasi yangu iishe mapema kuliko za wenzangu, Delyth anione hodari. Hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine. Naona aibu hata kujitazama kwenye kioo.

Jana nilikwenda kwa Bi Thackray, nikamkabidhi majalada yote mia moja na kumi na sita tuliyoyafunga, la Mama Mkubwa likiwa juu na jina langu likiwa chini yake. Alisoma polepole, akaniuliza kama najua naweza kupoteza kazi. Nikasema najua. Leo wote wamerudishwa kwenye orodha, na asiyepokea simu anafuatwa mlangoni. Delyth hanisalimu.

Jana hiyohiyo, nilipotoka kwa Bi Thackray, nilikwenda hospitali, nikamweleza Mama Mkubwa yote. Nilijiandaa kwa matusi, si unamjua. Hakunitukana. Aliangalia mikono yake, kisha akaniuliza jambo moja tu: wakati simu inalia, nilijua kwamba yumo ndani? Nikamwambia nilijua. Akageukia ukutani.

Msalimie sana wifi, na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Huw naye anakusalimu. Tafadhali mpigie Mama Mkubwa, wamemwekea simu kando ya kitanda, namba nimeiandika nyuma ya bahasha. Mpigie kwa ile njia yake. Mimi leo nimempigia hivyo mara tatu, ikalia mpaka ikakata, na muuguzi aliniambia alikuwa macho.

Ni mimi mdogo wako,
Eluned