Nakala Zilizokwisha Lupiro

Lupiro, 9 Mei

Ndugu yangu Remigius,

Salamu kwako na kwa panya wa duka lako la vitabu hapo Ifakara, wasomaji wangu waaminifu kuliko wote. Huku mpunga umekubali, na ndege nao wamekubali.

Uliniandikia kwa furaha kwamba vijana wa Lupiro wamemaliza nakala zote tisa za riwaya yangu. Nikachinja kuku. Sasa nimejua walizinunulia nini. Yule mchawi wa kitabuni nilimpa jina la kubuni, ila mguu mbovu na mbuzi mweupe nilivichukua kwa jirani yangu, Bibi Agnella. Wiki iliyopita mtoto wa hapa alifariki kwa homa. Vijana wakaja na kitabu mkononi.

"Mzee Salvatory, si umeandika mwenyewe?"

"Ile ni hadithi tu, wanangu."

"Hadithi gani ina mbuzi tunayemjua?"

Unakumbuka ulivyousifu ule mwisho, mchawi anapochomwa ndani ya kibanda chake? Kibanda wameshakichoma, wakaanzia mlangoni kama nilivyoandika. Bibi nilimwahi, nimemficha chumbani kwangu. Usilete nakala nyingine. Njoo na gari Jumamosi, umpeleke kwa binti yake Mlimba.

Hajui kusoma. Jana aliniomba nimsomee panapomhusu. Nikasoma kidogo, nikaruka, nikafunga kitabu.

"Na mwishoni wananifanyaje, mwanangu?"

Nikamwambia mwisho bado sijauandika.

Rafiki yako,
Salvatory