Bibi na Kopo Lililovimba

Profesa, weka chini hicho unachokula. Nimeua mtu. Yaani bado hajafa, yuko hapa mbele yangu anafuma sweta.

Ni Bibi.

Unakumbuka likizo iliyopita nilikwambia nimefanya mapinduzi stoo? Mama hupanga makopo kama foleni ya bwalo letu la shule: ya zamani mbele, mapya nyuma. Mimi nikayahurumia mapya, kama kidato cha kwanza wanaokula mwisho, nikageuza foleni nzima. Tulicheka sana, wewe na mimi.

Basi miezi yote hii wamekula mapya, ya zamani yanazeeka gizani. Jana Bibi akafika mwisho wa rafu, akatoa kopo la maharage limevimba kama shavu lenye jino bovu. Alipolitoboa likapumua fyuuu! Akaonja kijiko kizima.

Kijiko KIZIMA, Profesa.

Mama akalinyakua. "Mama, kopo likivimba ni sumu!"

Bibi akajibu, "Sumu gani tamu hivi? Lete chumvi."

Daktari kasema kwenye simu tumwangalie. Akianza kuona vitu viwiliviwili, tumkimbize hospitali.

Nimekiri yote. Mama ameniambia tu nikae hapa nimtazame Bibi.

Sasa hivi Bibi ameinua macho, akaniambia, "Mume wangu, mbona leo mmekuja wawili?"

Nimemuuliza mara tatu kama ananitania. Anacheka tu.

Mama ameshaita teksi. Bibi bado anacheka, na mimi sijui anacheka nini.