Choo cha Baba Mkwe

Kasekese, Mpanda
Machi 1996

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Mnaendeleaje huko Kwimba, na goti lako limepoa au bado linakusumbua ukiinama kupalilia? Sisi huku tunapumua tu. Limi akusomee barua hii polepole, na asome wanaume wakiwa wameenda machungani, maana ni habari za choo.

Kabla ya mvua, bwana afya wa kata alipita nyumba kwa nyumba akisema ugonjwa wa kuhara umeingia, kila kaya ichimbe choo. Mkweo Masanja akachimba. Udongo wa hapa ukishatoa wa juu unakutana na jiwe, sururu inaruka tu. Alipomaliza viganja vilikuwa vimechubuka vyote, akaapa kwamba hachimbi tena shimo lingine maisha yake. Lakini mama, mila zetu unazijua, baba mkwe na mkamwana hawaingii choo kimoja. Mzee alipojua nakitumia, akachukua kopo lake akaendelea na porini kama zamani. Na pori analolipenda yeye liko juu ya kisima chetu, ambacho ni shimo tu pembeni ya kijito.

Mvua zilipokolea, uchafu wote wa huko juu ukashukia kisimani. Mjukuu wako Mhoja akaanza kuhara maji matupu, macho yakaingia ndani, ukimfinya ngozi hairudi. Tulidandia lori la tumbaku mpaka mjini Mpanda, hospitali wakamtundikia dripu, mimi nikakaa sakafuni nikiogopa hata kusinzia. Nesi akaniuliza kama tunachemsha maji, kama tuna choo. Nikajibu choo tunacho. Hayo mengine ningeanzia wapi kumweleza?

Mhoja amepona, ashukuriwe Mungu, ila miguu imebaki vijiti. Tuliporudi nikamsihi Masanja aongee na baba yake aache lile pori la juu.

"Huyo ni baba," akasema. "Nitaanzaje kumwambia mambo ya haja?"

Nilikasirika sana mama, lakini mimi mkamwana siwezi hata kulitamka jambo hilo mbele ya mzee. Nikaona mtoto ataniponyoka hivi hivi.

"Basi mwambie choo ni chake," nikamwambia. "Mimi nimekiacha."

Mzee alikipokea. Sasa kinatumiwa na yeye na wanaume wenzake, kina mfuniko, na maji ya kunawia mlangoni nayajaza mimi. Juzi bwana afya amepita tena, akakisifia mbele ya majirani na kumpa mzee mkono. Mimi nimesimama pale na ndoo kichwani, tumbo limeshakuwa kubwa, nimebanwa, nasubiri aondoke nikaingie porini upande wa chini, mbali na maji, na jembe langu la kufukia. Majani yamelowa na nyoka wapo. Jioni nachemsha maji ya kunywa, kuni mbichi, moshi unanimaliza macho, halafu Masanja analalamika kwamba yananuka. Nimechoka mama. Siku nyingine nalia peke yangu shambani, kisha naendelea na palizi.

Nisalimie shangazi aliyenilea, kaka yangu mkubwa na mke wake, na Limi msomaji wetu, asicheke.

Sasa sikia ombi langu kabla karatasi haijaisha. Njoo, mama. Usisubiri nijifungue, njoo mapema, na Masanja umwandikie mwenyewe kwamba unakuja. Yeye na mama mkwe wake hawawezi kuingia choo kimoja, na akikuacha uende porini, Wasukuma wote wa hapa watamsema. Kwangu mimi hakuchimba. Kwako atachimba, hata kama ni jiwe tupu, na mimi na wewe mama hatuna mwiko.

Ni mimi mwanao ninayekuhitaji,
Kabula