Shanga za Bluu Jichoni mwa Bibi

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. Mbakizie baba yako mkate, asije akanuna.

~~Nani kagusa picha yangu ya shanga? Atanitambua!~~

Asubuhi nimekuta kwenye picha umemzungushia bibi yako shanga za bluu kwenye mboni ya jicho moja. Nikashika mkasi nizifumue, maana marehemu mama yangu alikuwa na macho meusi, nani asiyejua? Nikafungua pazia nione vizuri. Lo! Akanitazama. Nikajikuta nasema, “Shikamoo, mama.”

Kumbe uzee ulimwekea duara la bluu kuzunguka mboni. Wewe uliyekuwa ukimtia dawa ya macho uliliona. Mimi mwanawe, wapi!

Nimekwenda dukani kutafuta shanga kama zile. Jicho la pili utashona wewe.

Mama yako