Mwambie Imechelewa

Dada yangu,

Mimi mzima, ni uchovu tu. Njia ya kurukia ndege hapa uwanjani imerefushwa, madege ya ng'ambo yanagombania abiria kwa nauli ya chee, na kidege cha kuja huko kwetu kimenyang'anywa nafasi ya kutua. Safari zake zimefutwa.

Jana, kwa mazoea ya kazi, nikawaita abiria wa kwetu kwenye kipaza sauti. Bosi akanijia juu, eti napotosha watu. Lakini bibi mmoja alishasimama na begi lake, anatabasamu.

Unasema mama hainuki tena kitandani, anategea sikio mlio wa ndege juu ya bati ajue nimekuja. Kwa basi ni siku mbili njiani, na ruhusa nimenyimwa. Akiuliza, mwambie imechelewa. Ndivyo ninavyowaambia watu kutwa nzima, na huwa wanangoja.

Mdogo wako wa kipaza sauti