Flashi ya Baba Neema Imefunguka

Jumamosi, Septemba. Wingu limeufunika mlima tangu asubuhi na kuna kibaridi cha kujitupia kitenge mabegani, ila mvua hakuna. Nimeketi kwenye meza ya Baba Neema, mbele ya kompyuta yake, na viatu vyangu bado vina vumbi la kutoka kikaoni. Nataka kuandika kabla furaha haijapoa.

Nimeshinda.

Nimeliangalia neno hilo nikaona haya kidogo, maana ni miezi saba tu tangu nimzike Baba Neema, mume wangu. Lakini silifuti.

Nianze na uongo wangu. Baba Neema alikuwa katibu wa mfongo wetu, huu mfereji unaoleta maji kutoka juu hadi kwenye migomba yetu, huku milimani juu ya Kiboriloni. Kila nyumba ina zamu yake ya maji. Yetu ni Alhamisi asubuhi. Mwaka jana kikao kilimwagiza aandike upya orodha ya wenye zamu, kwa sababu ya zamani ilikuwa na majina ya watu waliokwisha kufa. Akazunguka nyumba kwa nyumba na daftari, kisha akaja kuchapa hapa, kwa vidole viwili, akitamka kila jina kwa sauti. Akaihifadhi kwenye flashi. Akaugua kabla hajaitoa kwenye karatasi.

Wiki ya msiba nilihitaji kuchapisha ratiba ya mazishi. Nikaichomoa flashi ile ile, nikaipeleka steshenari Kiboriloni. Tulikuwa tunafanya hivyo siku zote, kama jirani zetu wote: flashi mkononi, foleni, unampa kijana wa kaunta anaichomeka kwenye mashine iliyokwisha kuchomekwa flashi za mtaa mzima. Nilipoirudisha nyumbani, kila kitu kilikuwa kimegeuka kuwa kialama chenye mshale mdogo. Ukibofya, kompyuta inasema haioni kitu. Nikabofya tena na tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu.

Nikarudi steshenari. Kijana akatazama, akasema, "Mama, hii ni kufomati tu. Dakika mbili." Nikamuuliza vitu vya ndani vitabaki? Akacheka. "Vitabaki kwenye kumbukumbu zako, mama." Nikaichukua flashi yangu nikaondoka.

Basi watu wa mfongo walipokuja kuuliza orodha, niliwaambia flashi imepotea kwenye heka heka za msiba. Haikupotea. Ilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai, kabatini. Niliona aibu kusema kwamba kazi aliyoifanya kwa miezi mitatu niliiharibu mimi, kwa asubuhi moja, kwa ajili ya karatasi ya mazishi yake mwenyewe.

Uongo huo ulinirudia. Mwezi uliopita mwenyekiti wetu, Mzee Elia, alitangaza kwamba kwa kuwa orodha mpya haipo, ile ya zamani inarudi. Na nyumba ambayo mwenye jina amefariki, zamu yake isimame mpaka ukoo ukae na kumtaja mrithi. Ukoo wa mume wangu unakaa Desemba, wakitoka Dar na Arusha. Mimi nina migomba inayokauka Septemba. Alhamisi tatu mfululizo nimesimama kwenye kihamba, shamba langu la migomba, nikisikia maji yakipita kwenda kwa mwingine.

Jumatatu nikampigia simu wifi yangu, Anansia, dada yake Baba Neema. Yuko Rau, na ametumia nusu ya maisha yake kupiga chapa ofisini. Nilimweleza yote, na uongo pia. Akasema, "Yaani wifi, mimi nilidhani umeizika flashi na kaka yangu, kumbe umeipa kazi ya kulinda majani ya chai."

"Wifi, usinicheke."

"Nimcheke nani? Sikiliza. Mtu akikwambia kufomati, mkimbie. Kufomati ni kupiga deki. Nyumba itang'aa, lakini vyako vimeshatupwa nje. Hivyo vitu havijafutika. Vimefichwa."

Vimefichwa. Sijui kama nimewahi kusikia neno zuri kuliko hilo tangu mwezi wa pili.

Kumbe ni kirusi cha kawaida kabisa. Kinachukua mafaili yako, kinayaficha, kinakuwekea vialama vya mshale badala yake, na kila unapobofya kimojawapo unakifungulia kirusi mlango kiingie na kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa nimekifungulia labda mara arobaini. Kwa hiyo wifi alinianzisha na usafi: ile programu ya ulinzi inayokuja na Windows yenyewe, bila kununua kitu. Nikaiambia ikague kompyuta nzima, halafu flashi. Nilipika ndizi zikaiva nikala, bado inakagua. Ikakamata vitu vitatu, nikabofya viondolewe.

Kisha akanielekeza kwenye sehemu ya kutafutia, niandike cmd. Likafunguka dirisha jeusi lisilo na picha hata moja. Akaanza kunisomea kwenye simu herufi kwa herufi. Naiandika hapa kama ilivyo kwa ajili ya yeyote anayelia na flashi yake leo:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Hapo F ni herufi ambayo kompyuta imeipa flashi yako. Itazame kwanza kwenye orodha ya diski, usikisie. Mimi nilikisia E, ambayo hapa ni kile kidroo cha kuwekea sidii, ikanijibu kwamba kifaa hakiko tayari. Wifi akapandisha sauti.

"Umeacha nafasi?"

"Nafasi wapi?"

"Kila baada ya kipande. Kile kitufe kirefu cha chini, wifi. Kile ambacho kaka yangu alikuwa anakipiga kwa dole gumba kama anaua mdudu."

Ni kweli, alikuwa anakipiga hivyo. Nilikuwa nimesahau. Nikaandika upya, safari hii kwa F, kila nafasi nikiipiga kwa dole gumba, kisha nikabonyeza Enter.

Hakuna kilichotokea. Mstari ulirudi chini ukawa unapepesa tu. Nikamwambia wifi imeshindikana. Akasema dirisha lile halisemi asante, nenda ukaangalie.

Nikaifungua flashi. Katikati ya vialama vya mshale kulikuwa na folda ambayo haikuwepo kabla. Haikuwa na jina, nafasi tupu tu chini ya picha yake. Nikaibofya. Ndani yake vilikuwepo vyote. Barua zake za kanisani, picha za ubarikio wa Neema, na faili moja lililoitwa ORODHA YA ZAMU, kwa herufi kubwa, kwa sababu aliamini kompyuta haisomi vizuri herufi ndogo.

Nililia, ndiyo. Ila nililia huku nikinakili kila kitu kwenye kompyuta, maana wifi alishasema nisifungue kitu wala kufurahi kabla sijanakili. Kisha nikajitumia nakala kwenye barua pepe yangu. Baada ya hapo tu ndipo niliifomati flashi, mimi mwenyewe, na ikachukua dakika mbili kweli.

(Kama mafaili yako yamefutwa kabisa, si kufichwa, wifi anasema usiandike kitu kingine chochote juu ya flashi hiyo. Kuna programu za bure za kurudisha vilivyofutwa, na zinafanya kazi vizuri kama hujaweka kitu kipya juu yake. Hilo sijalijaribu, namnukuu tu.)

Halafu nikafungua orodha.

Nilishuka nayo polepole nikitafuta Alhamisi. Nilitegemea kukuta jina lake, na nilishajiambia kwamba hata hivyo nitakuwa nimerudisha kazi yake, inatosha. Alhamisi asubuhi ilikuwa imeandikwa jina langu. Si Mama Neema. Elinaike, jina langu la ubatizo, na la baba yangu nyuma yake. Nikapanda juu, nikashuka tena. Hakuwa amependelea. Karibu nusu ya orodha ni wanawake, kwa sababu kikao kilimwambia aandike mtu anayetumia zamu, naye alimwandika yule anayeamka na jembe kwenda kufungulia maji.

Hakuniambia. Pengine aliona ni jambo la kawaida tu.

Leo asubuhi nilikwenda kikaoni na nakala tano. Sikupeleka flashi steshenari, nilimtumia kijana faili kwa simu akachapisha. Kikao kilikuwa kwenye banio, pale maji yanapotolewa mtoni, watu kama thelathini. Niliomba kusema. Nikakiri kwanza kwamba flashi haikupotea, niliiharibu nikaona aibu, na ninaomba radhi. Kisha nikamkabidhi Mzee Elia karatasi.

Alisoma akiwa ameisogeza mbali na macho. Akafika kwangu. Akaniangalia.

"Mama Neema, sikutukani. Lakini tutajuaje kama hukuiandika wewe jana?"

Hilo nililitegemea. Kompyuta huandika yenyewe siku faili lilipobadilishwa mara ya mwisho, na haibadiliki ukilinakili. Ukilibofya faili kwa kitufe cha kulia na kufungua sifa zake, unaiona. Nilikuwa nimepiga picha kioo. Nikampa simu. Ilikuwa tarehe ya wiki mbili kabla hajalazwa.

Mzee Elia akampa simu aliyekuwa pembeni yake, naye akampa mwingine, ikazunguka. Jirani yangu mmoja, mama ambaye mumewe yuko hai na amekaa hapo hapo, akaomba asomewe Jumanne jioni. Akasomewa. Ni jina lake. Akamgeukia mumewe akamwambia, "Umesikia? Kuanzia leo ukitaka maji unaniamkia." Watu wakacheka, hata mumewe, ingawa alichelewa kidogo.

Mzee Elia alingoja kicheko kiishe. Akasema kikao kilimtuma katibu, katibu alifanya kazi yake, basi orodha ni hii. Akaitia sahihi. Kisha akanirudishia nakala moja na kusema, taratibu, "Elinaike, Alhamisi usichelewe. Maji hayasubiri mtu."

Ni mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja tangu niolewe mtu wa huku kuniita hivyo mbele ya watu.

Kesho ni kanisani. Jumatatu nitanoa jembe, na Jumatano nitasafisha mfereji wangu, umejaa majani. Alhamisi, kabla jua halijatoka, nitakwenda kufungulia maji yangu.